Gari la otomatiki liligoma kuwaka gia ikiwa P

Gari langu la mwaka 1998 lilianza kugoma kuwaka gia ikiwa P (ya kuegesha). Nikiweka N (gia huru) linawaka, ila taa za rivasi zimekufa. Fundi mmoja Gerezani alitaka tubadili stata, nikakataa: stata mbovu haichagui gia.

Nikachomoa betri, nikaifuata swichi iliyo ubavuni mwa giaboksi, ile inayoruhusu stata kuwaka gia ikiwa P au N tu, na kuwasha taa za rivasi. Plagi imejaa kutu ya kijani, na waya mmoja umekatika ndani ya ganda lake, kwa nje mzima kabisa! Nakaa Kigamboni, chumvi ya bahari naijua. Nikaunga waya kwa risasi ya kulehemu, nikasugua shaba za swichi kwa msasa laini. Kisha nikaweka gia N, nikalinganisha alama ya swichi, nikakaza boliti. Sasa linawaka P, na rivasi inamulika.