Namna mikro ya inje inafanyaka kazi ku telefone

Benye munarekodiaka kwaya na mikro ya waya ya mu Birere (kartye ya biashara mu Goma), musikilize. Ile mikro haina batri, umeme inatoka ku telefone yenyewe, karibu volti 2 zinapita mu rezistansi (kipande chenye kinapunguza umeme) kama ya kiloomu 2,2 zinafika ku mikro, na sauti inarudi mu waya ule ule mumoja, alafu kondansatere, kipande kingine cha mu telefone, inazuia umeme wa batri ya telefone inaacha sauti tu ipite, kazi safi kabisa mi naipendaka sana! Jeki (kile kichwa cha waya chenye kinaingia mu telefone) iko na sehemu 4: sauti ya kushoto, sauti ya kuume, masi (njia ya umeme kurudia), mikro. Ku telefone zingine za zamani masi na mikro zimebadilishana nafasi, ndiyo maana hata mikro yenye haijaharibika inakataa. Jaribu kwanza adapta yenye inabadilisha izo nafasi mbili, mbele ya kugombana na muuzaji.