Ua la zambarau

Jamani nimetoka kuangalia Were the World Mine na mdogo wangu sasa hivi, ile muvi ya Marekani ya 2008, na bado nimekaa tu kwenye kochi.

Timothy anapenda wavulana wenzake, shuleni wanamsumbua kila siku, halafu anapewa kuwa Puck, yule kiumbe mtundu wa kichawi, kwenye mchezo wa kuigiza wa Shakespeare, anatengeneza dawa ya mapenzi ndani ya ua la zambarau, ukinyunyiziwa tu unampenda wa kwanza kumwona.

Na nyimbo nyingi ni maneno ya Shakespeare mwenyewe!

Pale Jonathon, yule mcheza ragbi, anaponyunyiziwa kwenye mazoezi ya mchezo wa kuigiza, mdogo wangu aliacha kutafuna bisi, mkono umebaki kwenye bakuli.

Moyo wangu ulijaa kabisa.

Nani ameiona? Pale mlijisikiaje?