Siku moja maishani mwangu: Jumatano Dumaguete na kisiwa cha Apo

Saa 10 na nusu alfajiri niko macho, huku wako mbele yetu masaa 5 kwahiyo Tanga ndo kwanza saa 5 na nusu usiku. Kwa msiojua, kazi yangu ni na wavuvi, hivi vikundi vya BMU vya pwani, yani wavuvi wenyewe wanaosimamia uvuvi wa eneo lao, na nimekuja Ufilipino kuona wenzetu wanalindaje miamba yao. Ukitaja Ufilipino watu wanawaza Manila au Cebu, mimi niko Dumaguete, makao makuu ya mkoa wa Negros Oriental, mji mdogo tu umekaa ufukweni, katikati yake unapamaliza kwa miguu asubuhi moja.

Saa 11 naingia sokoni, upande wa painitan ambako kina mama wanauza chai ya asubuhi. Chai yenyewe ni sikwate, kakao yao ya kienyeji nzito kabisa inapigwapigwa mpaka inatoa povu, unakunywa na puto maya, wali wa kunata uliopikwa kwa tui na tangawizi, na pembeni embe bivu. Alafu kuna budbud kabog, nafaka ndogondogo jamii ya uwele inapikwa na tui la nazi inafungwa kwenye jani la mgomba, jamani mtu wa pwani ukionja hii unakaa kimya kwanza. Nguruwe huku yuko kwenye vyakula vingi kwahiyo kila kitu nauliza kabla, na mama wa watu ananijibu kwa upole tu, ananiita "dong" kama anaita mwanae.

Saa 12 na nusu napanda pedicab, pikipiki yenye kibanda ubavuni, mnabanana humo na watoto wa shule mpaka stendi, nachukua basi la kwenda kusini. Jumatano ni siku ya mnada wa Malatapay kule Zamboanguita, ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku, samaki wakavu, kamba, majembe, watu wametoka milimani na wengine visiwani. Sikukaa sana maana boti zinatokea ufukwe huohuo.

Saa 2 tuko majini. Boti zao wanaita bangka na nilivyoiona tu nikacheka kwa furaha, ni ngalawa kabisa, ina matengo pande zote mbili ila ya mianzi na nyuma kuna injini. Hata pepo zinafanana, wana amihan inayotoka kaskazini mashariki kama kaskazi yetu na habagat inayotoka kusini magharibi, kama kusi yetu ila ya kwetu inatoka kusini mashariki. Nusu saa hivi ya kulowana, tukafika Apo.

Sasa hiki ndo nilichofuata. Miaka ya 70 hawa watu walikuwa na shida zetu zilezile, baruti, sumu ya sayanaidi, nyavu za macho madogo, na uvuvi wa kugonga miamba kwa mawe unaofanana na kigumi chetu cha kugonga kwa miti. Angel Alcala, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Silliman hapo Dumaguete, alikuwa ameshasaidia kuanzisha hifadhi kisiwa cha Sumilon mwaka 1974, akawa anakuja Apo kuongea na wavuvi, na baadhi yao wakapelekwa Sumilon wakajionee samaki kwa macho. Hawakukubali wote. Mwaka 1982 familia chache tu ndo zilikubali kufunga kipande cha mwamba, karibu asilimia 10 tu ya mwamba wote wa kisiwa, wakawa wanakilinda wenyewe, na mwaka 1985 ndo ikawa rasmi. Samaki hawakujaa mwaka uleule, yani wale wakubwa walichukua miaka na miaka kuongezeka, na baadae puju, samaki wa miambani, wakaanza kuvuka mpaka na wavuvi wa mshipi wakawa wanawapata nje ya hifadhi.

Nilizama na barakoa ya kuzamia pale mbele ya kijiji, maji ya kifuani tu. Kasa mkubwa anakula nyasi, anang'ata, anavuta shingo kidogo, nyasi zinakatika, anaelea juu kuvuta pumzi alafu anarudi palepale alipoachia, hana habari na mimi kabisa. Mtembeza wageni ananionyesha kwa mkono nisisogee zaidi. Ada wanazolipa wazamiaji sehemu kubwa inarudi kisiwani.

Upande wa hifadhi niliona pia mabaki ya matumbawe yaliyovunjwa na tufani za Desemba 2011 na 2012. Mzee mmoja wa bantay dagat, walinzi wa bahari wa hapo kijijini, nikamuuliza baada ya ile hasara hawakutaka kuifungua hifadhi tu? Akatikisa kichwa akanionyesha kijani kidogo kinachoota juu ya mawe, matumbawe machanga.

Saa 9 nimerudi mjini, nikapita Silliman. Chuo cha mwaka 1901, miti mikubwa inafunika njia zote, na maabara yao ya bahari iko ufukweni. Hapa niseme ukweli wangu, sisi kwetu mradi unakuja miaka 3, fulana zinagawiwa, boya zinawekwa, ukiisha hata anayehesabu samaki hayupo. Hawa wamehesabu mwamba uleule kwa miongo, na chuo hakiko mji wa mbali, mvuvi akiwa na shida anavuka bahari anapanda basi anagonga mlango. Tanga tuna watu wetu wa uvuvi na utafiti palepale pwani, hili tunaliweza kabisa.

Saa 12 jioni Rizal Boulevard, mji mzima uko nje unapunga upepo, nikala tempura za mtaani, unga uliochanganywa na samaki unachomekwa kijitini unachovya kwenye mchuzi mtamu wenye pilipili.

Saa 3 usiku nampigia mama watoto, nyumbani ni saa 10 jioni, mdogo anataka picha za kasa tu. Baada ya hapo ni ripoti. Kesho asubuhi nina kikao na watu wa maabara na nina maswali mawili, nani anamlipa mlinzi wageni wasipokuja, na mvuvi wa kijiji jirani akiingia hifadhini usiku wanamfanyaje, maana haya ndo wenyekiti wa BMU wataniuliza nikishuka tu kwenye basi.