Begi la Kando ya Nguzo

Jumamosi iliyopita tulikwama getini kwenye foleni ya magari, tukienda sendofu ya binti wa shangazi. Askari akazunguka na kile kioo chenye mpini mrefu, akachungulia uvunguni mwa gari, akaomba tufungue buti. Mwanangu akauliza, "Mama, anko anatafuta nini?" Mjomba wake akawahi: "Anatafuta paka." Mtoto akaridhika. Mimi nikamkumbuka Afande.

Wakati ule nilikuwa bado mapokezi, hoteli ya ziwani, Mwanza, kabla ya duka na kabla ya baba watoto. Septemba 2013. Jumamosi ya tarehe 21 magaidi walikuwa wamevamia Westgate, lile jengo la maduka la Nairobi, na Jumapili jioni mambo yalikuwa hayajaisha. Meneja aliagiza televisheni ya wageni iwekwe muziki wa injili, watu wasitishike. Sisi tukawa tunapokezana kwenda kutazama kantini. Anayerudi haulizwi kitu, anasomwa usoni tu. Baadaye ndipo tulipokuja kusikia kwamba waliouawa ni 67.

Hoteli ilikuwa imefurika. Kulikuwa na sherehe ya kipaimara, watoto na magauni yao meupe wanakimbizana mapokezi, keki haijakatwa. Dada wa usafi ndiye aliyeliona begi: jeusi, limesogezwa kando ya nguzo karibu na ngazi. Akauliza la nani. Akauliza tena, safari hii kwa sauti. Baba mmoja mwenye suti akainuka taratibu, akamshika mkewe mkono, wakatoka nje bila kuaga meza.

Semina tulishapewa, asubuhi moja, na chai na maandazi: usiguse, usisogeze, toa watu, ita polisi, subiri wataalamu. Meneja akapiga simu, akaambiwa wako njiani. Tukaanza kuwatoa watu kwa adabu, maana hoteli kubwa haiwafukuzi wageni wake. "Samahani mama, tunaomba msogee bustanini kidogo." Unawajua watu wa sherehe. Huyu anarudia pochi, yule anarudia sahani ya pilau. Watoto wao waliona tumewaanzishia mchezo, wakawa wanajificha nyuma ya nguzo ileile.

Hapo Afande, mlinzi wetu, akaingia kutoka getini. Mtu mzima, Msukuma wa maneno machache, buti zake zimepita kwa fundi hadi zimepoteza umbo. Silaha zake zilikuwa rungu, tochi na filimbi. Akamuuliza meneja, "Wanafika saa ngapi?" Meneja akasema wako njiani. Afande akawatazama wale watoto. Akalaza rungu lake juu ya kaunta yangu, kwenye kitabu cha wageni, akavua kofia akaiweka pembeni yake.

"Binti, kanishikie mlango."

Nikaenda. Mlango wa upande wa ziwa ulikuwa wa kioo, mzito, unajifunga wenyewe ukiuachia, kwa hiyo niliuegemea kwa mgongo. Akapiga goti moja. Akapitisha mkono mmoja chini ya begi, mwingine akaushikiza juu, akaliinua kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala asimwamshe. Hakukimbia. Midomo ilikuwa inamcheza. Sikujua anasali au anahesabu hatua. Meneja alikuwa anamwita jina lake kamili, na ndiyo siku nilipojua kwamba Afande ana jina. Aliponipita nilisikia harufu ya tumbaku na moshi wa kuni, nikaona zipu haikufika mwisho. Kwenye ule uwazi palionekana giza tu. Nikahamishia macho kwenye vifungo vya shati lake. Kimoja kilikuwa cha rangi tofauti.

"Funga. Kaa nyuma ya ukuta."

Nilifunga. Ukuta sikuuona ulipo. Nikabaki hapohapo kwenye kioo, mahali pabaya kuliko pote, nikimtazama anashuka ngazi, anapita miti ya bustani, anafika kwenye yale majabali ya majini. Akaliweka katikati ya mawili, akalisukuma ndani kidogo kwa kiganja, akageuka. Kurudi ndiko alikotembea polepole zaidi.

Yaliyofuata hayana urefu. Polisi walikuja, wakafunga bustani, wakaondoka nalo usiku. Kesho yake huyu anasema lilikuwa na nguo, yule anasema nyaya, na dada wa usafi akaapa kwamba alisikia saa ikigonga. Hatukuambiwa kitu, na hakuna mgeni aliyekuja kulidai. Wiki hiyohiyo Afande akapewa barua ya onyo kwa kukiuka utaratibu. Aliukiuka kweli. Siku nyingine huwa nampa haki meneja, na siku nyingine nawakumbuka wale watoto.

Nilikuja kusoma habari za Kikambala, karibu na Mombasa, Novemba 28, 2002: gari lenye bomu liligonga hoteli wageni wakiwa ndio kwanza wamefika, na kati ya waliokufa wamo wacheza ngoma waliokuwa wanawakaribisha. Sisi nasi tulikuwa tunasimama mlangoni na juisi ya ukwaju. Dar es Salaam, Agosti 7, 1998, walikufa watu 11 kwa bomu la ubalozi wa Marekani na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao.

Siku moja nilimuuliza Afande kwa nini hakusubiri. Akasema, "Wataalamu niliwaona tisini na sita." Alikuwa ziwani Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka. Waliitoboa ili wawatoe watu waliokuwa hai ndani, hewa ikatoka, meli ikazama. Kisha akashiriki maziko ya waliokufa, kule Igoma.

Kwenye kesi ya mabomu ya balozi za Marekani za Nairobi na Dar, New York, 2001, ilielezwa kwamba mkuu wa kijeshi wa al-Qaeda, Abu Ubaidah al-Banshiri, alikufa maji kwenye meli hiyohiyo, na wenzake wakaja huku kuthibitisha. Sisi tulidhani mambo haya ni ya Nairobi na Dar.

Nilimpelekea Afande habari hiyo Mwaloni, Kirumba, anakouza dagaa siku hizi. Alinisikiliza huku anapepeta.

"Kwa hiyo huenda nilimzika."

"Huenda. Au hakuonekana kabisa."

Akapepeta tena. "Na lile begi, wewe unadhani mlikuwa na nini?"

Nikasema sijui, labda nguo.

"Mimi ndiye niliyelibeba," akasema. "Lilikuwa zito upande mmoja." Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa anauliza bei ya gunia.