Kwa Mijusi ya Tendaguru

Gari lilituacha pale njia ilipokwisha, tukaendelea kwa miguu katikati ya miombo na nyasi zilizotufika kiunoni. Tangu Lindi mjini nilikuwa nawawaza wapagazi wa mwaka 1909. Hawa waliibeba mifupa ya dinosaria, wanyama wa kale waliokwisha kutoweka, kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandarini, kama kilomita 60, mwendo wa siku nne hivi. Hadi uchimbaji wa Wajerumani unakwisha mwaka 1913, zaidi ya tani 200 zilikuwa zimepita njia hiyo juu ya vichwa na mabega ya watu.

Kijijini tulipiga hodi kwanza ofisini, mtendaji akatupatia mzee wa kutuongoza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kwa mijusi?"

Mijusi ndilo jina la dinosaria huku, na yule mkubwa kila mtu anamjua: Giraffatitan, aliyesimamishwa jumba la makumbusho la Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Nikamwambia babu kwamba huyo nimeshasoma habari zake vya kutosha. Nimekuja kwa wenzake wasiotajwa.

Kilima chenyewe ni kifupi. Utajiri wake uko chini: matabaka ya takribani miaka milioni 150, udongo uliobeba mifupa ukipishana na mchanga mgumu wa baharini. Chini ya miguu yetu kulikuwa na makombe mazito yaliyogeuka mawe. Hapa palikuwa pwani, wanyama wa nchi kavu wakifia jirani na maji ya chumvi. Mbele kidogo babu alinionyesha kipande cha mfupa, kijivu, kizito kuliko ukubwa wake. Nilikishika, nikakirudisha palepale kilipokuwa. Vitu hivi vinalindwa na sheria ya mambo ya kale, na hata isingekuwepo sheria, vimeshahamishwa vingi mno.

Masimulizi ya vitabuni huanza mwaka 1906, mhandisi Bernhard Wilhelm Sattler, aliyekuwa akitafuta madini, alipouona mfupa mkubwa umechomoza ardhini. Mwaka uliofuata akaja mtaalamu Eberhard Fraas, na mwaka 1909 msafara mkubwa wa Berlin ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Babu alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Wazee wetu walikuwa wakipita hapa kila siku. Unadhani walikuwa wamefumba macho?" Nami naamini waliiona mifupa hiyo zamani.

Tulisogea kuelekea upande wa Kindope, ambako Kentrosaurus alitoka kwa wingi, mifupa yake mamia kwa mamia. Huyu ndiye nimpendaye kuliko wote. Alikuwa mla majani wa mita nne na nusu hivi, mabamba mgongoni kuanzia shingoni, kisha miiba mirefu hadi ncha ya mkia. Hennig alimpa jina mwaka 1915 kwa sababu ya miiba hiyo. Hapohapo Kindope walipatikana Dysalotosaurus, mkimbiaji mdogo wa miguu miwili, wengi wakiwa pamoja, wakubwa kwa wadogo. Jina lake la pili ni lettowvorbecki, la jemadari wa majeshi ya kikoloni. Elaphrosaurus, mwembamba mwenye shingo ndefu, akaitwa bambergi kwa heshima ya mwenye viwanda wa Berlin. Dicraeosaurus, wa shingo fupi kuliko jamaa zake na miiba ya uti wa mgongo iliyogawanyika panda, akaitwa hansemanni, kwa heshima ya daktari wa Ujerumani.

Nilimtajia babu majina hayo moja moja. Akauliza, "Na waliochimba?"

Swali hilo ndilo lililonileta. Msimamizi mkuu wa kazi alikuwa Boheti bin Amrani, na chini yake, miaka ya kilele, wachimbaji na wapagazi walifikia mamia. Wao ndio waliofukua, wakaisafisha mifupa na kuifunga kwa udongo na mianzi isivunjike njiani. Kundi moja, likisimamiwa na Mohammadi Keranje, lilifukua mkia wenye pingili 30 zikiwa bado zimefuatana. Ulipelekwa Berlin, na kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa wa Janenschia, mnyama mwingine wa hapa. Mwaka 2019 wataalamu walioupima upya waliona ni wa aina ya peke yake, wakaiita Wamweracaudia keranjei: mkia wa Wamwera, watu wa eneo hili, na jina la Keranje.

Babu aliniomba nirudie. Nikarudia. "Keranje," akasema, "kumbe wamemwandika." Kisha akanionyesha shimo la zamani lililojaa nyasi, akaanza kunihesabia mengine, hili kule, lile kule ng'ambo ya korongo, na tukayafuata mpaka jua lilipotulazimisha kugeuza. Kwangu miaka 106 tangu msafara ule ufunge kazi ni mingi kupita kiasi kwa jina moja, lakini nimefurahi kwamba limeandikwa.

Sasa nataka kufika bonde la Rukwa, kwenye kingo za mto Mtuka. Huko mifupa ilianza kuonekana mwaka 2004, na mnyama wake, mdogo kwa umri kuliko hawa kwa miaka milioni 50 hivi, alipewa mwaka uleule wa 2019 jina la Kiswahili kitupu: Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa kuwa pingili yake moja ya mkia ina umbo la moyo.