Mpira wa pembeni wa boti ya faiba, kazi yenyewe iko chini yake

Watu wengi wanabadilisha ule mpira wa pembeni wa boti sababu umepauka, umepasuka, unaning'inia, wanaona ni urembo tu. Mi nasema hapana. Ukishautoa ndo unaliona ungio la deki na bodi, na boti nyingi za faiba za zamani deki imevalishwa juu ya bodi kama mfuniko wa boksi la viatu, ikafungwa skrubu au ribiti, halafu mpira ukapita juu kuficha. Kwahiyo kama unafua maji ngamani, kule chini kabisa ndani ya boti, kila ukirudi na chini hakuna ufa wowote, anza kutafuta hapo.

Wa zamani usiutupe wote, kata kipande uende nacho dukani maana shepu ni nyingi na milimita chache tu zinatosha mpira mpya ugome kukaa. Nunua mrefu kuliko kipimo, na ukipata roli moja isiyo na kiungo ndo bora kabisa.

Sasa matundu, hapa ndo pa kutulia. Skrubu zikishalegea tundu linakuwa pana na kurudishia humohumo hakusaidii kitu, yasafishe, jaza epoksi, ile gundi ya kuchanganya, iliyotiwa unga wake ikawa nzito, ikikauka toboa mapya pembeni kidogo, na mdomo wa tundu upanue kidogo ili jelikoti, ile ngozi ngumu ya juu ya faiba, isichanike. Skrubu ziwe stenlesi, ile aina ya 316 kama ni maji ya chumvi. Ungio nalo likwangue uchafu wote wa zamani ndo upake silanti (dawa ya kuziba maji) ya poliyurethani. Silikoni nawaomba sana msiiguse, ikishapakwa pale inaacha utelezi ambao hata ukija kurekebisha baadae hakuna gundi itashika.

Kufunga, mpira uanike juani kwanza ulainike, anzia tezi (nyuma) uzunguke omo (mbele) mpaka upande wa pili, na awepo mtu wa kuushika wakati we unakaza. Usiuvute! Ukivutwa ukiwa na joto ukipoa unarudi, ncha zinaacha pengo. Ziada kata mwisho kabisa.

Kile kimkanda kinachoziba vichwa vya skrubu usikiweke bado, silanti ikishakauka mwagia maji ya bomba ungio lote huku mwenzio yuko ndani na tochi, likionekana tone hata moja skrubu bado unazifikia.