Siku moja maishani mwangu: namba 8, kamba ya katani na bao la tatu

Saa 11 alfajiri adhana inanikuta macho. Swala, jiko la mkaa, uji, watoto wawili wa kuwahisha shule. Kila mama wa Ngamiani, hapa Tanga, anaijua saa hii, sina la kuongeza.

Saa 2 asubuhi nimeshakaa barazani kwenye cherehani. Mkate wangu ni ushonaji: sare za shule, madera, na kanzu za watoto Idi inapokaribia. Leo magauni mawili ya wateja yamesogezwa pembeni. Jumamosi mabinti ninaowafundisha mpira wanacheza na wenzao wa Muheza, na jezi zetu ni za mtumba, bluu zinazokaribiana, hazina namba hata moja. Nazikata namba kwenye tetroni nyeupe na kuzipiga zigizaga ukingoni mara mbili, maana ukipita mara moja kona zinaanza kubanduka jezi ikifuliwa. Halafu kitambaa cha jezi kinavutika na tetroni haivutiki. Mkono wa kushoto usipoilegeza jezi wakati sindano inatembea, namba inakunjamana mgongoni kama karatasi iliyonyeshewa. Namba 8 ndiyo inayokula muda, kwa yale matundu yake mawili ya kutoboa kwa ncha ya mkasi. Naishona taratibu kuliko zote.

Saa 4 shangazi anapita akitoka sokoni Mgandini, anaweka kikapu chini, anashika jezi moja na kuipindua. Shangazi alicheza mpira. Mwaka 1986 alikuwa na miaka 17, na mwaka huo ndipo Kombe la CECAFA la wanawake, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, lilipochezwa kwa mara ya kwanza, Zanzibar wakalichukua. Wasichana wa hapa mjini wakaambizana kwamba mwakani na wao watajaribu bahati yao. Mwakani haikuja. Mashindano ya pili yalichezwa mwaka 2016, Jinja, Uganda. Miaka 30 katikati! Shangazi alikuwa na miaka 47, ameshika mjukuu, anasikiliza habari kwamba Tanzania imeifunga Kenya 2-1 kwenye fainali. Mimi nimezaliwa 1988. Ujana wangu wote wa mpira umeangukia ndani ya shimo hilo hilo.

Baada ya hapo tulilichukua tena mwaka 2018 kule Kigali. Mwaka 2019 Kenya wakaja kutufunga 2-0 kwenye fainali pale Chamazi, Dar, nyumbani kwetu. Mwaka 2022 Uganda wakawa mabingwa, na mwaka 2025, Chamazi tena, tukawafunga Kenya 1-0 na kombe likarudi. Nalifurahia kila kombe, na siku ile ya 2025 nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Lakini ihesabuni hiyo miaka: 2016, 2018, 2019, 2022, 2025. Miaka mitatu kwa mtu mzima si kitu. Kwa binti wa miaka 16 ni maisha mengine kabisa: anaolewa, anapelekwa Dar kufanya kazi za ndani, anazaa. Akifika miaka 19, viatu vya mpira vimeshagawiwa mdogo wake. Ninachokiomba kwa viongozi wa mpira wa ukanda huu ni mashindano yanayojulikana tarehe zake, kila mwaka, ili nikimwambia mzazi "mwakani" neno langu liwe na uzito.

Saa 5 na nusu nafunga mashine na kutelemka soko la samaki la Deep Sea kwa miguu. Mama yake binti anayevaa namba 8 anakaanga samaki pale.

"Habari za kazi, dada."

"Njema, fundi. Karibu. Najua kilichokuleta."

Kilichonileta ni cheti cha kuzaliwa, binti yake hana. Binti yake ana miaka 15, anatumia miguu yote miwili, na anaangalia nyuma kabla mpira haujamfikia, kitu ambacho sijawahi kumfundisha. Timu ya taifa ya chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda Kombe la Dunia kule India mwaka 2022, ikaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Kufika huko walianza na mechi za kufuzu, nyumbani na ugenini. Ugenini ni pasipoti, na pasipoti inataka cheti. Miaka michache nyuma nilimpoteza binti mmoja kwa herufi moja tu: cheti kilimwandika vingine na shule vingine, na ofisi tuliyokwenda ilituzungusha mpaka nafasi yake ikapita. Alilia barazani kwangu, uso kaufunika kwa jezi. Sitaki kuliona tena jambo lile.

Mama anageuza samaki, mafuta yanachemka. "Tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali, lilirowa mvua ilipovujia sandukuni. Kadi ya kliniki labda ipo. Na huo mpira, fundi, utamlisha?"

Namjibu kweli: sijui. Najua tu kwamba bila karatasi hata kuulizwa hataulizwa. Ananyamaza, ananifungia samaki wawili kwenye gazeti, anakataa pesa yangu.

Saa 8 nakula bada, ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa mmoja wa samaki wale, kisha namaliza gauni moja la mteja. La pili namwomba radhi kwa simu.

Saa 10 alasiri niko kiwanjani. Mabinti wanafika, baibui zinavuliwa na kukunjwa vizuri juu ya jiwe, chini bukta zipo tayari. Kwanza tunachora mistari. Nina kamba ya katani niliyoipimia kwa futikamba yangu ya kushonea, ya mita moja na nusu: mara 11 napata mita 16.5 za boksi, hapo pana fundo kubwa, mita 11 za penalti, fundo dogo, na 9.15 za kukaa mbali na mpira, fundo la kitambaa chekundu. Wawili wanaivuta, mmoja anafuata na kopo la chokaa. Mistari ikinyooka na wao wanasimama wima.

Mazoezi ya leo ni moja tu. Timu ya bluu inaanza ikiongoza 2-0, zimebaki dakika 15. Dakika ya tatu tu bluu wameshaanza kurudisha mpira nyuma, wanapoteza muda. Nawasimamisha.

"Nani anakumbuka Togo?"

Mwishoni mwa 2023, Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walipokuwa wanatafuta kurudi kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake baada ya ile safari ya kwanza ya 2010, mechi ya kwanza na Togo waliwafunga 3-0. Marudiano tukafungwa 2-0. Jumla 3-2, tukapita. Wangeridhika na mawili, tungekuwa tunaomba Mungu kwenye penalti. Bao la tatu ndilo lililotupeleka Morocco mwaka 2025, ambako tulitoka sare 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi.

"Kwa hiyo mbili bila ni ngapi?" nauliza.

"Bado moja!"

Wanarudi. Namba 8 anageuka na beki mgongoni, anapiga kwa mguu wa kushoto, chini, mpira unapita juu ya chokaa mbichi na kuiburura mpaka ndani ya goli.

Saa 12 na nusu wanakwenda makwao wawili wawili, kama nilivyowaagiza.

Saa 3 usiku nashona namba ya mwisho, mlango unagongwa. Ni mdogo wake namba 8, ana bahasha ya kaki. Ndani mna kadi ya kliniki, imekunjamana, madoa ya maji kila mahali. Jina la mama limefifia. Tarehe inasomeka.

"Mama kasema kesho mwende wote. Samaki atawauza shangazi yangu."

Nimeilaza kadi juu ya meza, kitambaa juu yake, na pasi ya mkaa iliyopoa juu ya kitambaa. Saa 2 asubuhi tuwe kwenye foleni.